Njia Inayopita Jikoni kwa Segula

Vashnol, 9 Novemba 1983

Hayim mdogo wangu,

Amani iwe kwako, kwa mkeo Diana na kwa binti yenu Tirza. Huku pwani ya Bombay tuko salama, ila mvua ya mwaka huu iligoma kuondoka, na mnazi mmoja wa nyuma umeangukia banda la kuku. Jogoo alikufa kwa mshtuko tu, hata hakuguswa. Leya wa jirani anasema jogoo yule alikuwa na tabia yako, anasikia radi anakimbilia chini ya kitanda.

Mimi tangu nianguke pale kisimani, magongo yamenishinda kabisa. Sasa ni kiti cha magurudumu, na nakiri kinanifikisha sokoni vizuri kuliko miguu hii ilivyowahi kunifikisha. Shida yangu ni palepale pa zamani, ngazi za sinagogi.

Ndilo ninalokuandikia. Kamati imeamua kulikarabati sinagogi, na safari hii si kupaka chokaa tu. Nahum mwenyekiti alikuja mwenyewe, akakaa, akanywa chai vikombe viwili kabla ya kufungua mdomo. Akasema, "Segula, tumebaki watu wa kuhesabika, na nusu yetu magoti yameisha. Tunataka nyumba ambayo kila mtu anaingia." Wataweka njia ya mteremko badala ya ngazi. Na wanawake watashushwa kutoka roshani, wakae chini upande wa kushoto, nyuma ya kiambaza cha mbao chenye matundu. Mimi nikiwemo.

Hayim, nilikuwa na miaka saba homa iliponikausha mguu. Baba alinibeba mpaka roshani kwa mama hadi nilipokuwa mzito, kisha nikawekewa kiti barazani. Nimesali barazani mpaka nimeota mvi. Najua kila sauti iliyomo ndani lakini sijui nyuso zao zinakuwaje wakisali.

Sasa hapa unaingia wewe. Mbele ya sinagogi ni barabara, kulia ni kisima, na mteremko unahitaji urefu. Nafasi iliyopo ni ua wetu tu, na itabidi jiko langu livunjwe. Nimekubali. Nitapikia ukumbini, moshi na mimi tutazoeana. Ila ua baba aliuandika kwa jina lako, kwa kuwa wewe ndiye mwanamume. Bila saini yako hawawezi kuchimba hata shimo la paka.

Nijibu upesi, wanataka kumaliza kabla ya mvua.

Dadako,
Segula


Dimona, 15 Desemba 1983

Dada Segula,

Salamu kutoka jangwa la nchi ya ahadi, ambako radi ni adimu, kwa hiyo mwambie Leya siku hizi nalala juu ya kitanda kama watu wengine. Diana anakohoa kwa vumbi lakini yu mzima. Mimi kiwandani wamenipandisha cheo, yaani sasa nalaumiwa na watu wengi zaidi.

Habari kubwa ni ya Tirza. Amechumbiwa. Kijana anaitwa Avner, mpole, mrefu, Myahudi ila si wa jamii yetu ya huko. Baba yake ni mwalimu wa dini na ukoo mzima ni watu wa dini hasa. Diana hagusi sufuria siku hizi bila kutabasamu.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na Tirza akalia. Anakukumbuka pale barazani ukimfundisha kuhesabu kwa mbegu za ukwaju. Hata kuuliza hukupaswa kuuliza. Vunjeni jiko. Ni jiko lile ulimonichapa mwiko kwa kula pepeta ya nadhiri ya Nabii Eliya kabla haijaombewa, sitalililia. Barua hii iwe ruhusa ya kuanza kazi. Hati yenyewe ya kuwapa sinagogi ua ataileta Eliezer, mtoto wa shangazi yetu, anakuja huko kabla ya Pasaka.

Nina ombi moja. Njia ikiisha, upite wewe kwanza. Kabla ya Nahum na magoti yake. Nakuahidi, dada, mwaka huu utasali ndani.

Mdogo wako,
Hayim


Vashnol, 22 Januari 1984

Hayim wangu,

Nimeanza kukuandikia nikiwa na masizi mikononi, kwa hiyo alama hizo pembeni si machozi, usijipe umuhimu. Mbarikiwe kwa habari ya Tirza. Huyo Avner mpole ni mpole wa kweli au ni mpole wa kuchumbia? Niandikie wanakula nini kwao na mama yake anacheka mara ngapi kwa siku.

Jiko halipo. Pandurang mwashi alilivunja kwa asubuhi moja na akanionea haya kuliko nilivyojionea huruma mwenyewe. Sasa napikia pale ulipokuwa unalala. Moshi umenishinda mzozo, lakini sijali. Juzi Pandurang aliweka mbao za majaribio, akaniambia nijaribu kupanda, maana hajawahi kumjengea mtu wa kiti cha magurudumu na hataki kubahatisha. Nikapanda vizuri. Kushuka ndiko nilikoteremka kama gunia la mchele, na Nahum akarukia upande wa kisima kunikwepa. Pandurang akasema njia itabidi irefushwe, akaongeza hatua kumi na mbili, akala na ile sehemu ya mpapai. Chukua mpapai, nimemwambia.

Mbao za kiambaza nazo zimefika kutoka Alibag. Seremala amechora matundu ya mfano wa makomamanga. Nimeziona. Nimemwambia Nahum nataka nafasi ya ukingoni kabisa, ili sala ikiisha na mkono wa baraka ukianza kupita kwa watu, unifikie. Unakumbuka baba alivyokuwa anaupokea kutoka kwa msomaji, kiganja kwa kiganja, halafu anatoka nao mpaka barazani kunigusa, ndipo abusu vidole vyake? Baada yake ukawa unatoka wewe. Tangu mhamie huko hakuna anayetoka. Si ubaya wao, watu wana njaa saa hizo.

Kwenye barua yako hukusema lolote kuhusu wanawake kukaa chini. Nadhani ni kwa furaha ya posa. Niambie umefurahi, nataka kuisikia kwako.

Dadako,
Segula


Dimona, 11 Machi 1984

Dada Segula,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi nyingi, halafu Diana aliumwa mgongo, halafu sijui nini. Hapa baridi imepungua. Bei ya samaki huwezi kuamini, na si samaki, ni mifupa yenye macho.

Wakwe wa Tirza walikuja kula kwetu. Diana alipika kwa siku mbili. Akapika kuku wa tui kama anavyopikiwa bwana harusi kwetu. Mama yake Avner akainua kijiko, akauangalia ule mchuzi mweupe, akakiweka chini polepole kama mtu aliyeona nywele. Akauliza, "Hii ni nyama ndani ya maziwa?" Diana akacheka, akadhani ni utani, maana kwetu pia kuchanganya hivyo ni mwiko. Nikaleta nazi yenyewe kutoka jikoni, nikaivunja mezani mbele yao. Wakasema ahaa, wakasema wameelewa. Lakini hawakula. Walikula mkate na zeituni mpaka wakaondoka. Tirza aliosha vyombo vyote peke yake akakataa kusaidiwa.

Tangu siku hiyo baba yake Avner ana maswali. Kwetu tuliishije, nani alitufundisha, sinagogi letu lilikuwa la namna gani. Anauliza kwa adabu sana. Nimeahidi kumwonyesha picha kazi ya ukarabati ikiisha. Kwa hiyo mkipiga picha, pigeni ukumbi ukiwa mtupu, watu watauziba uzuri wake.

Diana ameshona pazia la kabati la Torati, bluu, lenye nyuzi za dhahabu. Eliezer atalileta. Ni zawadi yetu kwa nyumba nzima.

Moshi unakuumiza macho? Jaribu kufungua dirisha la upande wa kisima.

Hayim


Vashnol, 8 Aprili 1984

Hayim,

Habari ya huyo mama na kijiko imenikaa kooni. Mwambie Diana tui lake lilimponya marehemu mama alipokataa kula kila kitu. Na Tirza mbusu. Watu wa kuogopa nazi, jamani.

Eliezer amefika na tumbo kubwa na chokoleti zilizoyeyuka. Pazia ni zuri. Wanawake wote walikuja kulishika, Leya akasema hata harusini kwake hakuvaa nguo namna ile. Njia imekamilika, bado ukingo wa kushikia. Ila sijapanda. Nasubiri siku yenyewe, kama ulivyoniomba.

Sasa kuna jambo. Mbao za kiambaza zimefunikwa turubai nyuma ya kisima. Nilidhani ni kwa ajili ya vumbi. Jana nikamwona seremala anafungasha vifaa vyake, nikamwuliza, akasema kazi yake imeisha. Imeishaje na kiambaza hakijasimama? Akasema niulize mwenyekiti. Nahum siku hizi anapita njia ya nyuma. Nilimvizia kwa muuza samaki, nikamwuliza wanawake watakaa wapi, akaniambia bei ya chumvi imepanda. Nikamwuliza tena, akaniambia dagaa wa mwaka huu ni wadogo. Mtu mzima, Hayim, na shanga za jasho usoni.

Nahisi kuna mtu amewageuza. Huenda ni wazee wawili watatu wanaoona haya kukaa sakafu moja na wake zao. Wewe wanakuheshimu, na ua ni wako. Waandikie. Waambie wazi, bila kiambaza hawapati ua. Wakisikia hivyo watanyooka siku hiyohiyo, maana njia yao imeshapita humo na hawawezi kuihamisha.

Nifanyie hili moja, sijakuomba mengi. Sabato ya ufunguzi ni tarehe mbili Juni.

Dadako,
Segula


Vashnol, 12 Aprili 1984

Hayim,

Usijisumbue kuwaandikia. Nimeshajua.

Eliezer alikuja kula kwangu jana. Nikamlalamikia habari za kiambaza, nikamwambia nimekuandikia uwabane kwa ule ua. Akaacha kutafuna. Akasema, "Kwani Hayim hakukwambia?"

Nikamwuliza, "Kuniambia nini?"

"Dada, mimi nilitumwa tu. Nilibeba hati na neno la mdomo. Nimwambie Nahum kwamba hati ataipata wanawake wakibaki juu, na waape mbele ya kabati hawatabadili. La sivyo nirudi nayo, na njia ivunjwe. Wakaapa. Nilidhani mmeshazungumza wenyewe, ndugu na ndugu."

Akaomba maji. Nikampa. Akamaliza chakula chake chote, yule, hata mifupa akaifyonza.

Jiko nililivunja mimi, kwa furaha, na wewe ukalitumia kunifungia mlango. Siku nne zilizopita nilikuwa nakufundisha njia ya kuwabana, kumbe umeshaitumia.

Sikuulizi kwa nini. Nataka uniambie mwenyewe bila kuulizwa.

Segula


Dimona, 13 Mei 1984

Dada yangu Segula,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Diana hajui ninachokuandikia, na hajui nilichofanya.

Hujui hapa tunaitwaje. Nimefanya kazi miaka kumi na tano, watoto wa majirani wananiita Mhindi kama vile ndilo jina langu. Sawa, mimi nimezoea. Lakini baba yake Avner alianza kuuliza kama sisi ni Wayahudi kweli, au ni watu waliookota sala kwa wamishonari. Akauliza, "Kwenu wanawake walikaa wapi?" Nikamwambia juu, kwenye roshani, tangu enzi za mababu. Akasema, "Hilo ni jema." Lilikuwa jibu la kwanza alilolipenda. Segula, ningemwonyeshaje picha ya wanawake chini, nyuma ya makomamanga? Angesema ndio hao, nazi leo, maziwa kesho. Tirza halali usiku. Anauliza, baba, mimi ni nini? Ningemjibu nini mtoto?

Nilidhani mambo yakishatulia, baada ya harusi, nitawaandikia wabadili. Mwaka mmoja, miwili. Wewe umezoea baraza, yeye hajazoea kukataliwa. Nilipima hivyo. Labda nilipima vibaya.

Na bado nina jambo la kukuomba, na najua sina uso wa kuliomba. Wanataka neno la mwanamke mzee wa ukoo aliyebaki kule, kwamba nyumba yetu ilishika Sabato, chakula na desturi zote. Umebaki wewe tu. Andika ukurasa mmoja, kwa ajili ya Tirza. Kama unanichukia usinitaje.

Njia mmeijenga vizuri, Eliezer anasema. Walau wageni wakija mchana unaweza kuingia nao ukaona ndani.

Hayim


Vashnol, 4 Juni 1984

Hayim,

Tuko wazima. Kuku watatu wanaatamia. Joto limefika mahali ambapo hata mbwa wa Pandurang hambwekei mtu, na mawingu yameanza kujipanga upande wa baharini. Leya anawasalimu.

Barua yako ilifika siku tatu kabla ya ufunguzi. Nimeisoma mara moja, imetosha. Nimeelewa habari za Tirza, na nakuambia ukweli, ungeniandikia mwezi wa tatu ukaniambia, "Dada, mtoto ananifia kwa aibu, subiri nje mwaka mmoja," ningesubiri. Ningekukasirikia siku mbili halafu ningesubiri. Unanijua. Ndiyo maana siwezi kukusamehe, kwa sababu ulijua ningekubali na bado ukaona ni rahisi zaidi kunizunguka. Ukaniuliza habari za moshi. Ukanielekeza dirisha la kufungua.

Na lile neno lako kwamba nimezoea. Sijazoea. Nilikaa kimya, na ninyi wote mkapenda kuamini kuwa nimezoea.

Nikueleze Sabato ilivyokuwa, maana utasimuliwa na wengine. Walipamba maua ya manjano mpaka kwenye bomba la maji. Watu walitoka Alibag na Bombay. Wanaume wakapita ile njia mmoja mmoja, hata wasio na magoti mabovu, wanaifurahia kama watoto. Inapita chini ya dirisha langu, nilikuwa naona viatu vyao. Wanawake wakapanda ngazi za roshani kama kawaida. Barazani niliwekewa kiti changu kile cha zamani, na safari hii wamekipaka rangi. Nahum ndiye aliyekipaka, nasikia.

Nikavaa sari ya mama. Nikatoka, nikapita palipokuwa pangu pa kupikia, nikapanda. Njia ni nzuri, Pandurang apewe haki yake, hata pumzi haikunikatika. Nikapita kile kiti cha rangi mpya, nikaingia ndani, nikaenda upande wa kushoto pale palipopimwa kiambaza, nikafunga breki.

Msomaji akakatiza sala. Nahum akaja akainama sikioni kwangu. "Segula, mama yangu, tumeapa. Tuliapa mbele ya kabati. Usituingize kwenye kosa siku ya leo."

Nikamwambia, "Nyinyi mmeapa. Mimi sikuapa. Endeleeni."

"Hatuwezi kuendelea ukiwa hapo."

"Basi msiendelee."

Wakajadiliana pembeni, mashali yao ya sala mabegani, mmoja anasema nibebwe na kiti changu, mwingine anamwambia jaribu wewe kwanza. Nikatazama juu roshani. Leya alikuwa anaangalia sakafu. Mtu aliyekuwa ananisuka nywele. Hakuna hata mmoja aliyekohoa, Hayim, wanawake wote wale, na nusu yao walishazishika zile mbao wakasema Mungu asifiwe tunashuka. Hilo nalo liliniuma, lakini wao angalau hawakuniahidi kitu.

Mwisho wakatoka wao. Wanaume wote, wazee wakishikana mikono, wakaenda kusali barazani. Nikabaki ndani peke yangu na taa za mafuta. Ukumbi ni mdogo kuliko nilivyoukumbuka tangu utotoni. Nilidhani dari iko mbali sana, kumbe ni dari tu, ina buluu iliyobanduka kona moja. Nikasali nikiwafuata kwa sauti, maana kusali ukuta ukiwa kati yangu na wao ni jambo ninalolijua.

Ikafika wakati wa kusoma Torati, na Torati iko ndani, kwenye kabati, nyuma ya pazia la Diana. Wakanong'onezana mlangoni. Kisha Nahum akaingia peke yake, ameinamisha kichwa, hakunitazama. Akafungua pazia, akalikumbatia gombo kama mtoto, akageuka kwenda mlangoni kwa upande wa kulia, mbali na mimi. Nikasema moyoni, haya, hata hili. Akafika kwenye jukwaa la msomaji katikati ya ukumbi, akasimama. Akalizunguka jukwaa lote, taratibu na miguu yake ile, akaja mpaka kwenye kiti changu, akaniinamishia gombo mpaka mkono wangu ulipofika. Nikaligusa. Nikabusu vidole. Nilikuwa sijawahi kuligusa, unalijua hilo, wewe uliligusa kila Sabato ya maisha yako. Nililia mbele yake na sikuona haya.

Akaninong'oneza, "Usimwandikie Hayim."

Anakuogopa. Anaogopa utaivunja njia. Mzee wa watu, jirani tu, anazunguka jukwaa zima kwa magoti yale ili anifikie, na anamwogopa ndugu yangu wa tumbo moja asije akasikia. Sasa umesikia. Ukitaka kuivunja, njoo uivunje mwenyewe, mimi nitakuwa dirishani.

Sabato ijayo nitaingia tena, na inayofuata. Wakitaka kutoka watatoka. Paa la baraza hawakulikarabati, linavuja sehemu nne na nazijua zote, na mvua haikosi wiki hii. Nitaona nani atashika kiapo kwa muda gani.

Ukurasa wa Tirza umo ndani ya bahasha hii. Nimeandika kuwa yeye ni mjukuu wa Shalom Vashnolkar wa sinagogi la Vashnol, kuwa nyumba yetu haikuwahi kuchanganya nyama na maziwa wala kuwasha moto siku ya Sabato, na kuwa wanawake wetu wanakaa roshani. Yote ni kweli. Wangeuliza habari ya asiyeweza kupanda ningewajibu, lakini hawakuuliza, na mtoto hana kosa. Aolewe, azae, afurahi. Akiwa na nafasi ya kuniandikia nitamjibu siku hiyohiyo.

Wewe usiniandikie tena. Usitume pazia, wala kiti, wala mtu wa kunieleza hali yako. Ukija Vashnol na wageni wako, mlango uko wazi kwa kila mtu na mtaniona humo ndani, upande wa kushoto. Wakikuuliza yule mama ni nani, utafute jibu la kuwapa. Umezoea kuyapata.

Segula, binti wa marehemu Shalom Vashnolkar